Akili Imefika, Picha Bado

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mwanasayansi wa akili bandia, alishauri watu waache kufundisha madaktari wa radiolojia, kwani kompyuta ingewapiku. Uvira, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, imetii bila kuombwa: bingwa wa kusoma picha hapa ni adimu kama ndagala wakati wa mbalamwezi. Utasema basi mashine ndiyo jibu la uhaba, na hujakosea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu ya kompyuta itumike kusaka kifua kikuu kwenye picha za kifua za wenye miaka 15 na zaidi. Ila programu husoma picha, haipigi, na umeme wa bwawa la Ruzizi hukatika bila kuaga. Eksirei za betri zipo. Zitangulie hizo kuvuka mpaka wa Kavimvira, akili ifuate.