Maombi ya Mafunzo Kupanda Mlima

Ndugu Mratibu wa Mafunzo ya Kujenga Uwezo kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi,
Ofisi Inayohusika,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KUPANDA MLIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, pokea pongezi za wananchi wa Old Moshi kwa ushindi mnaoendelea kuupata dhidi ya mabadiliko ya tabianchi kwenye kumbi za mikutano. Tumeambiwa humo joto limeshadhibitiwa, na kiyoyozi kinafanya kazi nzuri hata washiriki wanaomba makoti. Ratiba nayo haitetereki: usajili saa mbili, mgeni rasmi anaingia saa nne pamoja na chai, makofi ya kilo, kazi za vikundi kwenye chati mgeuzo, picha ya pamoja, bahasha. Mwisho linapitishwa azimio kwamba uelewa bado ni mdogo, hivyo mafunzo zaidi yanahitajika. Ni adui gani atasimama mbele ya jeshi la namna hiyo?

Hatuna ugomvi na posho. Mtumishi anakula, na watoto wake wanasoma. Tunauliza tu kwa nini mafunzo kuhusu mlima hayapandi mlima. Pengine ni mazoea ya zamani. Reli ilipofika mwaka 1911, Mjerumani aliteremsha mji wa Moshi akaupeleka kwenye stesheni, sisi huku juu tukabaki na jina la "Moshi ya zamani". Tangu hapo serikali ikitaka kutuambia jambo hutuita chini.

Nizungumzie slaidi. Hakuna mafunzo ya tabianchi yasiyo na picha mbili za Kibo, kilele cha Kilimanjaro: ya zamani nyeupe pee na ya sasa yenye vipara. Takwimu zake ni za kweli: mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba kama 12, na kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Kisha mwezeshaji hushusha sauti na kutamka kwamba barafu ikiisha, mito yetu itakauka. Hapo ndipo mzee yeyote anayesafisha mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, angenyoosha mkono, kama angekuwa amealikwa. Maji ya mifongo yetu karibu yote ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu ulio chini ya barafu hiyo. Andreas Hemp, mwanaikolojia wa Kijerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, amelieleza jambo hilo kwa vipimo, na ameonyesha pia jinsi moto unavyozidi kuuteremsha mpaka wa juu wa msitu. Oktoba 2020 moto uliwaka siku kadhaa, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wakataja eneo lililoungua kuwa kilomita za mraba 95.5. Hiyo ni karibu mara nane ya barafu yote ya mwaka 1912. Lakini msitu ulioungua hautoki vizuri kwenye slaidi, na mfadhili hapendi rangi nyeusi.

Sasa tuje kwa washiriki. Kila mara anayeitwa ni afisa mazingira. Kijana wa watu amefundishwa uhimili, ustahimilivu, upunguzaji wa hewa ukaa na uandishi wa maandiko ya miradi; vyeti vyake vingetosha kuezeka banda la ng'ombe. Pikipiki yake haina mafuta. Wakati huohuo mhandisi anayechagua upana wa kalavati hajaitwa hata mara moja. Afisa mipango anayenakili bajeti ya mwaka jana na kubadilisha tarehe hajaitwa. Mweka hazina, ambaye bila saini yake hata mche mmoja hautoki kitaluni, yeye anaambiwa tabianchi si idara yake. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Sidhani kama kuna aliyekufa kwa kukosa tafsiri sahihi ya neno ustahimilivu. Maji yalifuata njia yake, na njia hiyo kuna mtu mezani aliyeichora, aliyeipitisha au aliyeisahau.

Na huyo mmoja mliyemfundisha vizuri, mwaka haujaisha mnamhamisha. Anaondoka na maarifa kwenye begi la kompyuta mliyompa. Anayempokea anakuta kabati, kalenda ya zamani na mwaliko wa mafunzo ya awali.

Kuna somo la sheria pia. Wahitimu wenu wanakuja wakiwa wamekariri kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria nzuri. Ila Old Moshi tunaishi juu ya migongo ya mlima, korongo huku na korongo kule. Pima mita 60 kutoka mto wa kushoto, pima na 60 kutoka wa kulia, utaona kuna mahali kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, panabaki mgomba mmoja, na huo mgomba uko kwenye kaburi la babu. Mhitimu akiulizwa tufanyeje, anafungua shajara yenye nembo ya mradi na kutusomea tena mita 60.

Huku kwetu ipo shule iliyofunguliwa kabla Mjerumani hajatia mguu. Mfongo una banio, una zamu, una siku ya wote kutoka na majembe, na asiyetoka hulipa. Maji yakipungua, zamu hufupishwa na kila mtu anajua kwa nini. Mnakoandika "usimamizi shirikishi wa rasilimali katika hali ya uhaba", sisi tunasema kesho ni zamu ya jirani. Mfumo huo nao unachoka: vijana wako mjini, mabomba yamefika, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa maji ambayo babu aliyachepusha bila kalamu. Ndiyo maana tunataka wataalamu waje, tena wa kweli. Kahawa inawahitaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa joto la usiku likipanda nyuzi moja, mavuno ya arabika nchini hushuka kilo 137 kwa hekta. Tuliomba kipimajoto cha usiku. Tulipewa fulana.

Basi tunaomba hivi. Mafunzo yajayo yafanyike kwenye banio la mfongo, mwezi wa kusafisha, na viatu vya plastiki vivaliwe na mgeni rasmi pia. Aitwe mhandisi, aitwe mweka hazina, aitwe afisa mipango. Afisa mazingira apumzike, ila apewe mafuta. Mwezeshaji awe mzee wa mfongo, alipwe kiwango kilekile mnachowalipa wawezeshaji kutoka chuo kikuu. Chakula tutatoa sisi, ndizi zipo na mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo. Cheti kisitolewe siku hiyo. Kitolewe baada ya masika mawili, kalavati likiwa bado lipo.

Naomba majibu kwa maandishi. Mwaliko wa warsha hautahesabiwa kuwa majibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa kihamba, Old Moshi.

Nakala: Mweka Hazina, ambaye tunajua hataisoma mpaka iambatanishwe na hati ya malipo.