Mwongozo wa Mvivu wa Gari la Paa la Kukunja: Yape Maji Njia, Ukapumzike

Tusidanganyane. Gari la paa la kukunja hukulinunua ubebee magunia ya mahindi. Umelinunua uonekane: miwani ya jua usoni, mkono mmoja kwenye usukani, upepo wa bahari unakupiga pale Masaki au Nyali, na watu kituo cha daladala wanageuza shingo. Ni haki yako, na mimi niko upande wako. Shida ni kwamba masika yameanza, umemfungulia mgeni wako mlango kwa mbwembwe, na kiatu chake kimetua kwenye dimbwi.

Usihangaike. Nitakufundisha njia ya mkato: jinsi ya kukwepa bili ya turubai jipya, kukwepa kushinda gereji na kukwepa aibu, kwa jagi la maji na kipande cha uzi. Mfano wetu ni Mazda MX-5, kigari cha viti viwili kutoka Hiroshima kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na kufikia 2016 zilikuwa zimeshatengenezwa milioni moja. Japani kwenyewe kizazi cha kwanza kiliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Kama lako ni la aina nyingine, usifunge ukurasa. Ujanja ni uleule.

Hatua ya 1: Kubali kushindwa mapema. Acha kuota paa lisilopitisha hata tone. Waliolibuni hawakuota hivyo. Pale turubai linapokutana na bodi, nyuma ya viti, maji hupita, na yametarajiwa. Chini yake kuna mfereji mwembamba unaoyapokea, kama mfereji wa bati unavyopokea mvua ya paa la nyumba, na kuyapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na mikanda ya viti inapochomoza. Kutoka hapo yanashuka kwenye mrija na kumwagikia barabarani, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Gari lako linavuja kwa mpango. Ukishalielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha na bado hujainuka kitini.

Hatua ya 2: Chunguza bila kujichafua. Je, vioo vinaota ukungu kwa ndani kila asubuhi? Je, kuna uvundo ambao hata manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yameshindwa kuufukuza? Ukifunga breki au kukata kona, unasikia maji yakicheza mahali fulani ndani ya bodi? Bonyeza zulia nyuma ya viti kwa kiganja. Likitema maji, tundu limeziba, mfereji umefurika, na maji yamechagua kuingia sebuleni. Kama nyuma ni pakavu ila miguuni mbele pamelowa, shuku kwanza mipira ya madirisha na ya kioo cha mbele.

Hatua ya 3: Mtafute rafiki anayependa lifti. Kunja turubai nusu, lisimame wima katikati ya kufunguka na kufungwa. Mkao huo unaufunua mfereji, na pia unapendeza kwa wapita njia. Mimina maji upande mmoja, polepole, huku rafiki yako amechuchumaa akitazama chini mbele ya tairi. Maji yakitoka haraka kwa mkondo, upande huo ni mzima. Yakitoka kwa matone, au yakianza kupanda juu, acha kumimina na uyakamue kwa kitambaa. Rudia upande wa pili. Dakika chache tu, na umeshajua kile ambacho fundi angekitafuta mchana kutwa, kwa gharama yako.

Hatua ya 4: Tumia vidole kabla ya vifaa. Chukua tochi ya simu, mulika tundu, vaa glavu, zoa. Utatoa ujiuji mweusi unaonuka: vumbi lililolowa, nywele, nyuzi za turubai, vijani vya mvinje vilivyosokotana, mbegu za mwarobaini, na pengine kipande cha risiti iliyopeperuka siku ulipokuwa unajionyesha. Usiusukume ndani hata chembe. Kila unachokitoa kwa juu ni kitu ambacho hutakitafuta kwa chini.

Hatua ya 5: Pitisha uzi. Kata kama mita moja ya ule uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kufyekea majani. Yeyusha ncha yake kwa kiberiti iwe duara, isitoboe kitu. Anzia chini ikiwezekana: tafuta mdomo wa mrija mbele ya tairi, ingiza uzi, zungusha, rudisha, ingiza tena. Ukianzia juu, uchafu unajishindilia kwenye mdomo wa kutokea, na hapo umejitafutia kazi ya kesho. Waya wa breki ya baiskeli nao unafaa, kwa upande wenye kichwa butu. Waya wa hanga uache kabatini, maana hutoboa mrija au kuuchomoa kwenye kiungo chake, na kuurudisha ndiyo ile kazi kubwa tunayoikwepa. Na usiingie uvunguni mwa gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Uvivu wetu una heshima yake. Huu hauna.

Mimina maji tena, kidogokidogo. Yatatoka meusi, kisha ya kahawia, kisha safi. Yakishatoka safi pande zote mbili, umemaliza.

Hatua ya 6: Kataa msaada wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kijana wa gereji atakayekwambia, "Bosi, tupige upepo tu, tope linatoka sasa hivi." Ni kweli litatoka, lakini huenda likatoka pamoja na mrija. Upepo wa kompresa ni mkali kuliko kazi yenyewe. Wa pili ni wa anayekuja na silikoni. Atapaka kila mshono anaouona, gari litapendeza kwa siku mbili, na maji yaliyonyimwa njia yatatafuta nyingine usiyoijua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari hili methali ina upande wa pili: usipozibua tundu utang'oa zulia.

Hatua ya 7: Hapa hakuna mkato. Zulia likikauka kwa juu, usijipongeze. Chini yake kuna sponji nene, na sponji hiyo hushika maji kwa wiki nyingi. Inua zulia, kamua, anika juani, acha milango wazi. Ukiruka hatua hii, unyevu utaingia kwenye vizingiti vya milango na kuvila kutoka ndani, kimyakimya, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Hivyo ndivyo MX-5 nyingi zilivyooza, na kuchomelea vizingiti ni bei ambayo hakuna mvivu mwenye akili anayetaka kuilipa.

Kama bado unasitasita, wasikilize wenye magari ghali zaidi. Kwenye BMW Z4 ya kizazi cha kwanza, mota ya kukunjia paa imewekwa chini kabisa ya kishimo ambamo maji hupita. Tundu likiziba, mota inazama na kufa, na paa linagoma. Kwenye Porsche Boxster za mwanzo, kontroli boksi ya alamu na funguo iko chini ya kiti. Zulia likigeuka dimbwi, gari linaweza kukataa kuwaka. Gari zima linashindwa na majani makavu!

Hatua ya 8: Chagua kivuli chako. Mwembe unapendeza, lakini unadondosha majani mwaka mzima. Mvinje ni mbaya zaidi, kwa sababu vijani vyake vyembamba vinapenya kila upenyo. Egesha chini ya bati, au juani na kifuniko. Ukilazimika kuegesha chini ya mti, pitisha mkono nyuma ya viti kila unapoliosha gari. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, rudia jaribio la jagi. Mtu anayefanya hivyo ni mvivu aliyekomaa: anafanya kidogo leo asifanye kikubwa kamwe.

Hatua ya 9: Jisifu. Umeshastahili. Shusha paa, mpitie yule mgeni wa siku ile, mwache aweke viatu vyake vya suede mahali pakavu. Kisha mtafute jirani mwenye gari kubwa lenye dirisha la paa anayelalamika kwamba dari yake ina madoa ya maji. Naye ana mirija, kwa kawaida minne, mmoja kila kona, na haijui. Mwonyeshe kona moja, mmiminie maji, mzibulie, upokee shukrani zako zote. Kona tatu zilizobaki mwachie yeye, na uzi mwachie pia, kwa sababu mvua ijayo haitawasubiri nyote wawili.