Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Makampuni Yanayotumia Programu Huria

YAH: PONGEZI KWA UMAHIRI WA KUSOMA NUSU YA LESENI

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, au maelekezo ambayo kompyuta huyatekeleza, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha, kwa kawaida huambatana na leseni yenye mambo mawili: kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia bila malipo, na kwamba inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Jambo la kwanza limekaririwa katika kila idara ya fedha. La pili, kwa dalili zilizopo, bado linasubiri kikao cha bodi.

Umahiri huo ulidhihirika Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano ya mtandaoni ili nywila na taarifa za benki zisisomwe na wasiohusika. Sehemu kubwa ya seva za dunia iliitegemea, ilhali michango iliyoifikia kwa mwaka ilikuwa takriban dola 2,000 za Marekani, kiasi ambacho huenda kisingetosha chai ya kikao kimoja cha Waheshimiwa. Baada ya kasoro kutangazwa, fedha zilipatikana kwa kasi ya kupongezwa, jambo linalothibitisha kwamba njia ya uhakika ya mtunzaji wa programu anayejitolea kuonekana ni kukosea.

Desemba 2021 zamu ikawa ya Log4j, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java ili kuweka kumbukumbu za matukio ya mfumo, ambayo watunzaji wake waliojitolea walikesha wakiziba kasoro huku wakishutumiwa na watu ambao hawakuwahi kuwalipa hata senti. Asante ya punda ni mateke. Mwezi uliofuata, kampuni moja kubwa ilimwandikia Daniel Stenberg wa Sweden, mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, ikimtaka ajibu ndani ya saa 24 maswali kadhaa kuhusu Log4j, ingawa curl imeandikwa kwa lugha ya C, haihusiani na Log4j, na kampuni hiyo haikuwa na mkataba wowote naye. Alijibu kwa adabu kwamba angefurahi kutoa majibu yote mara tu mkataba wa huduma utakapotiwa saini.

Jibu hilo lina busara ambayo Waheshimiwa wanaombwa kuizingatia. Anayejitolea haombi sanamu wala nishani; anachostahili ni kwamba programu zinazotegemewa ziorodheshwe, watunzaji wake watambuliwe kwa majina, bajeti ya mwaka iwatengee fungu, na wahandisi walioajiriwa wapewe saa za kazi za kuwasaidia kabla ya ajali badala ya kuwatumia hojaji baada yake. Iwapo gharama hiyo itaonekana kubwa mno, basi Waheshimiwa wasome nusu ya pili ya leseni, kwa kuwa ndiyo dhamana pekee waliyo nayo.

Nakala kwa: Mhasibu Mkuu, kwa utekelezaji.