Nimeizima Mimi, Imejiwasha Yenyewe

Sina ugomvi na kompyuta inayogoma kuwaka. Hiyo utaipeleka kwa fundi, utalipa, utarudi nyumbani umenuna, basi. Ninayogombana nayo ni hii yangu, inayowaka bila kuombwa. Saa nane usiku nyumba nzima imelala, feni yake inaanza kuvuma, skrini inamwaga mwanga wa buluu sebuleni hadi kwenye picha ya harusi. Na luku inasoma. Luku haijali uniti zimeliwa na mwenye nyumba au na mashine isiyo na usingizi.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea na bado hajasema anaondoka lini, alitoa hukumu mapema: kuna mtu anaichezea nyumba hii. Akaagiza ifunikwe kitambaa na isomewe. Ikafunikwa, ikasomewa. Ikawaka chini ya kitambaa, safari hii na joto juu.

Fundi wa mtaani hakutaka hata kuichomeka. "Bosi, hii tupige window upya." Mafundi wetu hawa! Kompyuta haitoi sauti, piga window. Kibodi imemwagikiwa chai, piga window. Shilingi 30,000, na mafaili yako uyaage kabisa. Nikabeba mzigo wangu nikarudi nao.

Aliyeishughulikia ni mpwa wangu, kijana wa chuo, ambaye hulipwa kwa soda na nauli. Akaanza kwa swali la kuudhi: "Mjomba, kwani huwa unaizima au unailaza?"

Nikamwambia yote mawili, kutegemea nimechoka kiasi gani. Kumbe kuna tofauti. Ukiilaza, kumbukumbu yake inabaki na umeme, na chochote chenye ruhusa kinaweza kuiamsha. Ukiizima, nako si kuzima. Zile za zamani zilikuwa na swichi ya kweli, ukiibonyeza inasema kaa! na umeme unakatika. Mwaka 1995 Intel wakaleta mpangilio unaoitwa ATX, na tangu hapo kitufe cha mbele hakikati kitu. Kinapeleka ombi tu. Nyuma yake volti 5 zinaendelea kutiririka kwenye ubao mama usiku kucha, ili mashine isikie ikiitwa. Yaani miaka yote hii namlipa mlinzi ambaye kazi yake ni kumfungulia kila anayebisha.

Mpwa akafungua lile dirisha jeusi wanalolipenda vijana, akaandika powercfg /lastwake. Hiyo huiuliza Windows: nani kakuamsha mara ya mwisho? Na inataja, bila aibu. Kisha akaandika powercfg /devicequery wake_armed, ikaja orodha ya wenye ruhusa ya kuiamsha. Kibodi imo. Kipanya kimo. Kadi ya mtandao imo. Mimi niliyeinunua simo.

Tukaanza na kipanya. Kina taa chini inayotazama meza, na ikiona kitu kimesogea inapiga ripoti. Meza yetu ipo dirishani, na lori la mchanga likipita barabarani hata vikombe kabatini vinaitikia. Isitoshe, kuna mjusi kafiri mwenye makazi ya kudumu nyuma ya skrini. Nilimwona kwa macho yangu akikatiza mezani na kukipiga kikumbo kipanya, skrini ikawaka, yeye akasimama katikati ya mwanga ule kama aliyekuja kusoma barua pepe zake. Kipanya kikanyang'anywa ruhusa.

Kadi ya mtandao ndiyo iliyomfurahisha mama mkwe. Mashine nyingine kwenye mtandao inaweza kuiamsha hii kwa kuitumia ujumbe maalumu, na ndani ya ujumbe huo anwani ya kadi inarudiwa mara 16. Mpwa alikuwa akieleza kitaalamu kabisa. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Inaitwa usiku, kwa jina lake, mara 16?"

"Ndiyo, bibi."

"Na inaitika?"

"Ikiruhusiwa, inaitika."

"Ukiitwa usiku usiitike," akasema, akinitazama mimi. Mpwa akaifunga ile ruhusa haraka, nadhani zaidi kwa heshima ya bibi.

Ile ya saa nane kamili mhalifu wake ni Windows yenyewe. Ina kazi zake za usafi na masasisho, na kwa kawaida yake imezipangia saa hiyo hiyo, ikiamini huko iliko binadamu amelala na umeme ni wa bure. Kwenye mipangilio ya umeme kuna saa za kuamsha, zikazimwa. Nikalala kwa amani.

Kisha umeme ukakatika magharibi, ukarudi usiku wa manane, na kompyuta niliyoizima mchana kwa mkono wangu ikawaka pamoja na taa ya barazani. Hili Windows haihusiki nalo. Liko chini kabisa, kwenye BIOS, ambako mashine huelekezwa cha kufanya umeme ukirudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudie ilivyokuwa. Yangu ilielekezwa iwake. Kwa seva inayohudumia watu hilo ni jambo jema. Kwa mtaa wetu, ambako umeme huondoka na kurudi bila kuaga wala kubisha hodi, ni balaa. Mpwa akabadilisha.

Mimi nikaongeza dawa yangu: kila jioni nazima swichi ya ukutani. Ikatulia siku kadhaa, kisha ikarudia tabia ya kuwaka kila nikiiwasha swichi, na tarehe ikiwa ya miaka mingi nyuma, hata benki ikakataa kunifungulia ukurasa. Kumbe ile betri ndogo ya duara kwenye ubao, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imechoka, na bila umeme wa ukutani BIOS ilisahau yote tuliyoifundisha. Betri mpya ikanunuliwa, mipangilio ikarudiwa.

Mpwa akafunga bisibisi zake, akavuta soda, akaanza kuangaza macho sebuleni. "Mjomba, unajua na hii televisheni ukiizima kwa rimoti..."

Nikampa nauli kabla hajamaliza sentensi.