Ng'arisha Panapoonekana

Miaka hii ya uhaba wa esansi, Bujumbura imejipatia maonyesho yake ya magari: foleni ya kituo cha mafuta. Magari yanalala hapo, wenyewe wanashinda hapo, na mtu asiye na la kufanya huinua boneti. Akiinua wa mbele, wa nyuma naye anainua. Saa nne ya asubuhi haijagonga, kila mmoja ameshachungulia injini ya mwenzake na kutoa hukumu yake kimyakimya. Ndugu yangu, kama gari halitembei, basi ling'ae. Kutaka kusifiwa si dhambi, na leo nakupa njia ya mkato.

Mkato wenyewe ni huu: usiing'arishe injini. Ng'arisha kipande kimoja. Anayetaka kung'arisha kila kitu ataanza Ijumaa na moyo wa simba, na wiki ya tatu atakuwa na vipande kumi na viwili kwenye beseni, gari likiwa juu ya matofali. Jicho la mtu halikagui kama mhasibu. Linaangukia mahali pamoja, linaridhika, linaondoka. Kazi yako ni kujua litaangukia wapi.

Hatua ya kwanza: chagua kwa macho ya jirani

Simama mahali atakaposimama yeye, inua boneti, kisha tazama. Kwenye Carina TI na Corolla za miaka ya tisini, zile zilizotoka Japani zikapitia Dar es Salaam na usukani wao wa kulia hadi nchi inayoendesha upande wa kulia, kinachokaa juu kabisa ni kifuniko cha vali. Ni kipana, kiko usawa wa kifua, kina maandishi ya kampuni yaliyoinuka. Hicho ndicho. Ukibaki na nguvu, fuatia mwili wa alternata, halafu mabomba ya kuingizia hewa. Kilichoko chini ya hapo kiache na vumbi lake. Hakuna atakayepiga magoti barabarani kukikagua.

Kabla hujalipia hata karatasi moja ya msasa, hakikisha kipande ni alumini. Weka sumaku. Ikinata, hicho ni chuma, achana nacho. Isiponata, kwaruza kidogo kwa ncha ya kisu mahali pa kujificha: alumini inaonyesha weupe, plastiki inatoa unyoya. Injini nyingi mpya zina vifuniko vya plastiki, na plastiki haina msasa wa kuigeuza madini. Kisha dondoshea siki pale ulipokwaruza. Ikichemka na kutoa mapovu, umekutana na magnesiamu. Irudishe ilipotoka, maana unga wake ukishika moto, maji yanauchochea badala ya kuuzima.

Atatokea mtu wa kukucheka kwamba unahangaika na madini ya sufuria. Mwambie kwamba mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, walitafuta kitu cha heshima cha kuweka kileleni, wakaweka alumini. Kipande chenyewe hakikufika kilo 3, na wakati huo alumini ilithaminiwa sawa na fedha. Miaka miwili baadaye Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakapata njia ya kuitoa kwa umeme, na bei ikaporomoka mpaka ikatufikia jikoni. Madini ni yaleyale. Kilichopungua ni adabu ya watu mbele yake.

Hatua ya pili: toa uchafu, acha sumu

Kwanza ziba uvujaji. Kifuniko kilichochakaa kinaficha mafuta yanayovuja, kinachong'aa kinayatangaza. Gaskiti ya kifuniko ikiwa imekauka, nunua nyingine mtaani Buyenzi kabla ya kununua msasa. Kwenye barabara za mtaa huo, zile zinazoitwa kwa namba, utaipata ukiwa na ya zamani mkononi; usiende na maelezo ya mdomo, nenda na kipande chenyewe.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kisha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Esansi usiiguse. Kwa bei yake na kwa moto wake, haifai kuoshea kitu.

Sasa nisikilize vizuri. Kifuniko kina rangi ya kiwandani, na rangi inachosha kuitoa. Jirani atakunong'oneza soda kostiki, ile ya watengeneza sabuni, ambayo mjini kwetu haina shida kupatikana. Ni kweli itaing'oa rangi. Na ikimaliza rangi itaanza kuila alumini yenyewe: itachemka, itatoa haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja, na itakuachia uso mweusi wenye vishimo ambavyo hakuna msasa utakaovifuta. Hata dawa nyingi za kusafishia oveni zina kitu hichohicho ndani. Rangi itoe kwa msasa namba 80 au 120, kwa subira. Ukitumia dawa ya kutolea rangi, fanya uani penye upepo, na glavu mkononi.

Hatua ya tatu: hapa hakuna mkato

Mimi ni rafiki wa uvivu, lakini hapa naukataa hadharani.

Usisugue kifuniko kikiwa juu ya injini. Kitoe. Mdomo wa injini uliobaki wazi ufunike kwa nailoni safi na uufunge kwa kamba, maana punje moja ya msasa ikianguka humo inaenda moja kwa moja kwenye mafuta, na kutoka kwenye mafuta inaenda kwenye kamshafti. Ukingo ule wa chini, unaolala juu ya gaskiti, uzungushie tepu ya karatasi tabaka mbili na usiuguse hata kwa msasa wa 2000. Ukiuharibia unyoofu wake, mafuta yatavuja maisha yake yote. Tundu la kumiminia mafuta lizibe kwa tambaa kwa ndani.

Halafu geuza kifuniko utazame tumboni. Kuna bati jembamba lililofungwa ndani ya kifuniko hicho kuzuia mafuta yasirukie kwenye bomba la hewa. Nyuma ya bati hilo ndipo mchanga wa msasa unapojificha. Ukimaliza kazi yote, piga maji na sabuni humo, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi, kisha anika juani mchana kutwa. Watu wameua injini nzima kwa mchanga unaotosha ncha ya kidole.

Hatua ya nne: msasa

Nunua msasa wa maji: 180, 320, 600, 1000, 2000. Karatasi moja moja inatosha, ila 320 chukua mbili, kwa sababu hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kweli. Wauzaji wa soko la Ruvumera watakusukumia 400 badala yake. Kubali, haina ubaya.

Ukibakiwa na fedha ya karatasi tatu tu, chukua 180, 320 na 600. Nitakuonyesha mlango wa kutokea.

Weka maji na tone la sabuni kwenye beseni. Msasa uloweke, ufunge kwenye kibao bapa kwa sehemu zilizonyooka, tumia kidole kwa kona. Namba ya kwanza vuta kwa urefu wa kifuniko, mbele na nyuma, mpaka uso wote uwe na rangi moja. Namba inayofuata vuta kwa kukatiza, kutoka upande hadi upande. Siri yote ya kazi hii iko hapo. Ukibadilisha mwelekeo, mikwaruzo ya namba iliyopita inasimama wima mbele ya macho yako, na unajua hasa lini imekwisha. Asiyebadilisha anasugua gizani: anafika 2000, anapaka polishi, na ndani ya mng'ao anaona mistari ya 180 ikimtazama. Washa tochi ya simu, ilaze pembeni ili mwanga upite juujuu, utazame. Mstari mmoja ukionekana, rudi nyuma namba moja. Usiruke.

Maji yana faida ya pili: hayaruhusu vumbi kupaa. Vumbi la alumini likiingia kifuani si rafiki, na likikutana na cheche za mashine ya kukatia vyuma linaweza kushika moto. Kwa hiyo usifanye kazi hii pembeni ya mtu anayechomelea mageti.

Manyoya ya chuma, yale ya jikoni, yaache jikoni. Yanavunjikia ndani ya alumini, na baada ya mvua mbili kifuniko chako kinaota madoa ya kutu ambayo si yake.

Hatua ya tano: shindwa kwa heshima

Kufikia 600 mkono utauma. Utaona vishimo vidogo ambavyo havitoki. Hivyo si kosa lako: alumini ya injini humiminwa kwenye kalibu, ina silikoni ndani yake, na viputo vya hewa hubaki. Tena haitafika weupe wa kromu hata ukisugua mpaka Pasaka.

Basi toka kwa mlango niliokuahidi. Chukua msasa wa 600, uuloweke, na uvute kwa mwelekeo mmoja tu, kutoka mwanzo wa kifuniko hadi mwisho wake, bila kurudi nyuma, ukiinua mkono kila mara. Mistari yote ikilala sambamba, macho hayaoni tena kazi iliyokatizwa; yanaona mtindo. Mng'ao huu wa hariri unaficha vishimo, unaficha alama za vidole, na unadumu kuliko kioo. Maandishi ya kampuni yaliyoinuka peke yake yafikishe 2000 kama unayo, uyaache mashimo yanayoyazunguka na rangi nyeusi inayostahimili joto. Giza la pembeni litayang'arisha herufi mara mbili zaidi bila wewe kuongeza jasho. Kwa maoni yangu hiki ni kizuri kuliko kioo, na ndicho ninachokushauri hata kama mkono bado una nguvu.

Hatua ya sita: kwa wenye kichwa kigumu

Unataka kioo. Haya. Fika 2000, osha, kausha, kisha tafuta polishi ya madini. Autosol ni nzuri, Brasso inafaa. Paka kiasi cha punje ya harage kwenye kipande cha fulana ya pamba na usugue eneo dogo la kiganja.

Tambaa litageuka jeusi tititi. Hapo wengi wanapotea. Wanadhani ni uchafu, wanasugua wakisubiri tambaa litoke jeupe, na halitoki kamwe, kwa sababu weusi ule ni alumini yenyewe inayomeguka punjepunje. Usitazame tambaa. Sugua mpaka polishi ianze kukauka, geuza upande safi, futa kwa haraka weusi ungali haujagandamana, kisha tazama kifuniko. Ukiona meno yako, acha.

Ukiwa na drili na umeme upo, kata suruali kuukuu ya jinzi iwe miduara, ibane kwa bolti, upate gurudumu la kung'arishia. Usikandamize. Joto likizidi polishi inaganda kuwa madoa, na kona za kifuniko hupenda kunyakua gurudumu na kukutupia kifuani.

Hatua ya saba: rudisha, tunza, pokea sifa

Bolti za kifuniko ni ndogo. Zikaze kidogo kidogo, kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka gaskiti ikae. Washa injini dakika kumi, izime, pitisha kidole ukingoni. Kidole kikitoka kikavu, umefuzu.

Usipake vanishi juu ya kioo. Haishiki vizuri kwenye uso laini, na joto huigeuza njano. Pitisha polishi kidogo kila mwezi, dakika kumi tu. Shukuru kwamba unaishi kando ya Tanganyika, ziwa la maji baridi. Wenzako wa Mombasa wanapambana na chumvi ya bahari inayokula mng'ao kila siku; adui yako wewe ni vumbi la kiangazi, na vumbi linafutika kwa tambaa.

Siku ukifungua boneti, usiseme neno. Jifanye unakagua maji ya rejeta. Mtu atasogea mwenyewe na kuuliza, «Muzee, hii umeifanyia wapi?» Mwambie uliifanya nyumbani, na umpe namba zote za msasa kwa mfuatano, na habari ya kukatiza, na habari ya tambaa jeusi, bila kuficha. Ataenda dukani siku hiyohiyo. Akifika 320, atakuletea kifuniko chake ndani ya mfuko na kukuuliza unalipisha ngapi, kwa hiyo bei yako iwe tayari.