Sifa za Mkatiza Kazi

Wengine na wamsifu bosi, mtoa mishahara. Mimi leo namsifu anayetuokoa na kazi yenyewe: mkatiza kazi, bwana "samahani kaka, dakika moja tu".

Alistawi siku kuta za ofisi yetu ya Kinondoni zilipobomolewa, meza zikapangwa kama za mtihani wa darasa la saba, tukaambiwa ushirikiano utaongezeka. Ukaongezeka kweli. Saa nne anapita mama wa supu na chapati. Saa tano inatua kadi ya mchango wa harusi: mtu mmoja sh. 50,000, wawili sh. 100,000, na mleta kadi habanduki mpaka utaje ahadi yako, ukumbi mzima ukisikia. Harusi gani ingefana watu wakijifungia vyumbani? Wamarekani hawakujaliwa hivyo. Mwaka 2018 watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walieleza kuwa kampuni mbili kubwa zilipoondoa kuta, mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa takriban asilimia 70, watu wakahamia kwenye barua pepe. Maskini, hawana michango.

Wapo wanaodai dawa ni kufanyia kazi nyumbani. Waje Mbagala. Kompyuta haijawaka vizuri, baiskeli yenye spika inapita ikinadi dawa ya panya, mende na kunguni. Jirani naye akishajua upo, hodi: "Baba, maadamu leo huendi kazini, mvua ikinyesha unianulie nguo." Kwake kazi ni kupanda daladala; kukodolea kompyuta macho ni mapumziko. Mchana mita ya LUKU inaanza kulia. Na Mei 2024, nyaya za intaneti zilipokatika chini ya bahari, tulikatizwa kwa mkupuo, wa ofisini na wa nyumbani, bila upendeleo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila mkatiza kazi, meneja angeuliza kwa nini ripoti haijaisha, nasi tungelazimika kusema kweli: hatukujua pa kuanzia. Sasa tunataja kelele, umeme, mtandao. Amebeba dhambi za idara nzima, na hata posho hadai.

Basi ndugu yangu, kesho usichelewe. Ripoti ya robo mwaka inatakiwa saa nane mchana, na nimesikia mama wa supu amesafiri.