Shangazi, Tulale Wapi?

Baridi ikikaribia, barua za Waswahili wa Marekani hubadilika. Mwezi wa nane huniuliza habari za mahari na mashemeji wasiolipa madeni. Ikifika Oktoba wote wanataka jambo moja: kukodi gari-nyumba, lile linaloitwa RV, wapakie watoto na masufuria, washuke hadi Key West, mwisho kabisa wa visiwa vya Florida Keys. Zifuatazo ni zile zilizojibika. Zenye matusi nimemwachia mhariri.

*

Shangazi mpendwa,

Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Dallas. Nimewaahidi wanangu Krismasi ya Key West. Gari-nyumba nimeshalilipia. Sasa natafuta kambi, sioni hata nafasi moja, na ndiyo kwanza Novemba! Rafiki yangu anasema nisihangaike: nyumba ninayo, niegeshe popote kando ya bahari tulale. Ni kweli?

Mwenye Nyumba, Texas

Baba, huyo rafiki yako anakuja safarini? Haji. Basi na ushauri wake ubaki naye Dallas.

Umekodi nyumba isiyo na kiwanja, na huko unakokwenda kiwanja ndicho adimu. Fungua ramani uangalie. Barabara ni moja tu, US 1, maili 113 kutoka bara hadi Key West, madaraja 42, Atlantiki kushoto kwako na Ghuba ya Mexico kulia. Kuna mahali ardhi yote ni upana wa lami, nyasi kidogo na mikoko. Hapo kando ya bahari unapopawazia, ama ni ua wa mtu, ama ni hifadhi, ama ni ukingo wa barabara wenye kibao kinachokataza kulala. Polisi wa huko hugonga dirisha kwa adabu, lakini hugonga.

Kambi za serikali ya jimbo ziko chache kando ya barabara hiyo: John Pennekamp kule Key Largo, kisha Curry Hammock na Bahia Honda. Mkazi wa Florida anaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla. Sisi wengine, miezi 10. Kwa hiyo Krismasi yako wenyeji walianza kuinunua Januari, na wageni wakafuata Februari, wakati wewe ulikuwa bado unalipa madeni ya Krismasi iliyopita. Nafasi za Bahia Honda huondoka siku ileile zinapofunguliwa, kwa sababu ufuo wake ni mzuri na kila mtu ameshauona kwenye picha.

Sasa tufanyeje? Watu huugua, huachana, hupata kazi mpya. Nafasi zao hurudi sokoni. Kila alfajiri kabla ya kazi angalia kama kuna aliyeghairi, na usione haya kuombea usiku mmoja hapa na mwingine pale. Kambi za watu binafsi zipigie simu, usiishie kwenye intaneti; sema gari lako lina futi ngapi kabla hujasema jina lako. Vyote vikishindikana, lala bara. Hifadhi ya Everglades ina kambi ya Long Pine Key, karibu na Homestead. Kutoka Homestead hadi Key West ni kama maili 130, kwa hiyo hiyo ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, tena kwa gari dogo. Lakini watoto wataona mamba, na Krismasi ya kuona mamba haina mtoto wa kuilalamikia.

*

Shangazi,

Mume wangu amekodi gari la futi 36. Kisha amewaalika kaka zake wawili pamoja na wake zao, bila kuniuliza. Jumla tutakuwa tisa. Swali langu si la mapishi, mapishi nimeyazoea. Nimesikia choo cha gari kina tangi, na tangi hilo lazima mtu alifungue kwa mkono wake. Mtu huyo ni nani?

Mama Watatu, Atlanta

Mwanangu, umeuliza swali ambalo wanaume huficha hadi siku ya tatu ya safari. Ni kaka zake. Waandikie leo, kabla hawajanunua kofia za ufukweni, ili atakayeona kazi haimfai abaki kwake.

Na ujue kazi yenyewe, usije ukadanganywa. Gari lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na vyombo, na la choo. Mkifika kambini, vali ya tangi la choo ifungwe na ibaki imefungwa. Atakuja shemeji mjuaji aseme, "tuiache wazi, ijimwage yenyewe." Mkatalie. Vali ikibaki wazi, maji hutoka na uzito hubaki, hukauka, hujenga kichuguu ndani ya tangi, na kichuguu hicho mtakilipia siku ya kurudisha gari. Subirini tangi likaribie kujaa. Avae glavu, aunge bomba, afungue la choo kwanza mpaka liishe, ndipo afungue la maji ya kuogea, yasafishe bomba yakipita. Kule nyumbani unaita gari la majitaka, linanyonya, linaondoka. Huku gari la majitaka ndilo mnalolala.

Kuhusu watu tisa. Vitanda vya gari-nyumba huhesabiwa na muuzaji. Mikanda huhesabiwa na polisi. Meza ikigeuzwa kitanda muuzaji anasema "wanalala wawili", lakini safarini kila mtu anataka kiti chenye mkanda. Hesabu mikanda. Naona kuna shemeji mmoja na mkewe watakaofuata nyuma kwa gari dogo, na bahati nzuri ndilo mtakalolihitaji mkifika.

Umeme nao una mambo yake. Gari la ukubwa huo huwa na viyoyozi viwili na hutaka ampea 50. Mkipewa nafasi ya ampea 30, hamuwezi kuwasha vyote viwili, na jiko la umeme juu yake, na pasi ya mke wa shemeji. Swichi itakatika, gizani, chapati ikiwa tawani. Maji pia myahurumie. Visiwa hivyo havina mito. Maji yake husukumwa kwa bomba la maili zipatazo 130 kutoka visima vya bara, karibu na Florida City. Anayeoga dakika ishirini anajaza tangi la kaka yake.

*

Shangazi wa gazetini,

Kijana wangu yuko Ohio. Juzi katuma picha: yeye, mkewe na wajukuu zangu wamekalia viti vya kukunja kando ya gari, nguo zimeanikwa kwenye kamba, wanapika nje. Anasema wako likizo kisiwani. Majirani nimewaambia yuko safari ya kikazi. Niambie ukweli, amefukuzwa nyumba? Nimtumie nauli?

Mama wa Chumbageni, Tanga

Shikamoo mama. Tulia, nyumba anayo, na nyingine ile ya magurudumu ameikodi. Hizo kambi za watu binafsi, msimu wa baridi, hupita dola 100 kwa usiku mmoja, na hiyo ni bei ya kipande cha ardhi na soketi. Kitanda mtu amekuja nacho. Usitume nauli. Akutumie wewe.

Kinachompeleka ni baridi. Ohio mwezi wa Januari maji huwa mawe. Key West haijawahi kuandikiwa sakitu hata siku moja. Baridi kali kuliko zote zilizopimwa pale ni nyuzi 5 za Selsiasi, na wenyeji waliiona ni msiba. Atakuta nini? Minazi, mikoko, matumbawe, mbu wa jioni, samaki wa kukaanga, na watu wanaotembea polepole. Najua unachotaka kusema. Hata mchanga wenyewe ni haba, maana mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi huko nje na mchanga haupati wa kuuleta pwani, hivyo fukwe kadhaa zimemwagiwa mchanga kwa malori. Mtoto aliyekulia ufuo wa Raskazone, hapo Tanga, analipia mchanga wa lori. Lakini tiketi za ndege za watu watano hadi Dar es Salaam umeziuliza bei? Ukiziuliza utamsamehe.

*

Shangazi, kwenda Key West kunahitaji pasipoti? Mtu kaniambia ile ni nchi nyingine.

Mwenye Wasiwasi, Minneapolis

Ni Florida, hakuna pasipoti. Ila wewe kama si raia, tembea na karatasi zako za uhamiaji huko na kokote. Sheria ya Marekani inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi awe nazo. Shangazi si wakili, ila hilo halihitaji wakili.

Aliyekuambia ni nchi nyingine hajadanganya sana. Aprili 1982, askari wa mpakani waliweka kizuizi barabarani karibu na Florida City, wakawa wanakagua kila gari linalotoka visiwani kutafuta wahamiaji na dawa za kulevya. Foleni ikafika maili na maili, watalii wakaghairi. Meya wa Key West, Dennis Wardlow, akaona kama tunakaguliwa kama wageni basi na tuwe wageni: tarehe 23 akatangaza kujitenga, nchi inaitwa Conch Republic. Wakatangaza vita dhidi ya Marekani, wakampiga mtu aliyevaa sare ya wanamaji kwa mkate mkavu wa Kikuba, baada ya dakika moja wakasalimu amri, halafu wakaomba msaada wa dola bilioni moja wa kujenga upya nchi iliyoharibiwa na vita. Msaada haukuja. Kizuizi kiliondolewa, na bendera bado zinauzwa. Nimefuatilia siasa za nchi nyingi na sijaona vita vilivyopangwa kwa akili kuliko hivyo.

*

Shangazi, Septemba bei ni nusu na nafasi ziko tele! Kwa nini watu hawaendi?

Mtafuta Bei, Columbus

Kwa sababu wanajua kwa nini ni nusu. Vimbunga vina msimu wake, Juni 1 hadi Novemba 30, na Septemba ndiyo kilele. Septemba 10, 2017 kimbunga Irma kiliingia Cudjoe Key. Kambi nyingine zilibaki zimefungwa kwa muda mrefu. Septemba 2, 1935 kilipita kingine kilichoua watu zaidi ya 400, wengi wao askari wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa wakijenga barabara. Treni iliyotumwa kuwaokoa ilifika Islamorada ikasukumwa na bahari nje ya reli, likabaki limesimama kichwa tu. Reli ile, aliyoimaliza Henry Flagler mwaka 1912, haikujengwa tena. Juu ya mabaki yake ilipita barabara ya mwaka 1938, na ukivuka Seven Mile Bridge utaliona daraja la zamani la reli pembeni.

Ukienda Septemba, basi nenda na tangi la mafuta lililojaa, na amri ya kuhama ikitoka usijadiliane na mkeo. Wageni na magari-nyumba ndio huamriwa kutangulia. Barabara ni moja, nimeshasema.

*

Shangazi,

Sisi ni Wakongo wa Louisville, tunakwenda kama kikundi cha kanisa. Duval Street tumesikia ni mabaa matupu. Wazee wetu wataangalia nini Key West?

Katibu wa Kwaya

Wapeleke Higgs Beach, upande wa kusini wa kisiwa. Mwaka 1860 wanamaji wa Marekani walikamata meli tatu zilizokuwa zikipeleka watumwa Cuba: Wildfire, William na Bogota. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka mdomo wa mto Kongo. Watu 1,432 walishushwa Key West, mji ambao wenyewe haukuwa mkubwa, wakajengewa mabanda ufukweni. Wengi walikuwa vijana na watoto. Kwa majuma machache waliyokaa pale, 294 walikufa kwa maradhi waliyoyapata melini, wakazikwa mchangani. Waliobaki walipandishwa meli tena, kwenda Liberia badala ya kwao, na wengine wengi wakafia njiani.

Makaburi yalisahauliwa. Watu walitandika taulo juu yake. Mwaka 2002 wachunguzi walipitisha rada ardhini wakayaona. Sasa pana ukumbusho, uko wazi, hapatozwi kiingilio. Majina ya waliolala pale hayajulikani. Kama kwaya ina wimbo wa Kikongo, huo ndio uimbwe, na asubuhi, kabla jua halijawa kali kwa wazee.

Njiani, mkipita Big Pine Key, dereva apunguze mwendo, hasa usiku. Kuna kulungu wadogo wasiofika kiunoni, hawapatikani porini kwingine duniani, na huvuka bila kuangalia. Kuwalisha ni kosa, hata anayewalisha akiwa mama mchungaji.

*

Shangazi, gari letu la futi 32 litaingia mji wa zamani wa Key West?

Dereva, Raleigh

Kuingia litaingia. Liache kambini, panda basi au baiskeli.

*

Shangazi, nimesikia Key West kuku wanazurura barabarani hawana mwenyewe. Gari letu lina jiko. Unaelewa ninachouliza.

Mpishi, Houston

Naelewa, na jibu ni hapana. Jogoo wale huwika hata saa tisa za usiku chini ya dirisha lako, na bado ni hapana; mji mzima ndio mwenyewe, na ukimgusa mmoja utajieleza mbele ya watu wengi. Kama ni kuku wa kupika, kumbuka barabara ya US 1 imewekewa vibao vya maili vinavyohesabu kurudi nyuma, kutoka zaidi ya mia hadi sifuri iliyoko Key West, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo bei inavyopanda. Nunua kuku wako Homestead, wawili, wakiwa wameshachinjwa, na uhakikishe friji ya gari imewashwa kabla hujaondoka dukani.